Kilio Kisicho na Maiti

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuwa mwigizaji, huniuliza habari za jukwaa. Hakuna anayeuliza nililala wapi. Mimi nikiikumbuka miaka ile, jukwaa nalikumbuka kidogo sana. Ninachokumbuka ni milango: mlango wa bati, mlango wa mbao za masanduku, mlango wenye pazia tu, na mwenye nyumba amesimama mbele yake akinitazama kuanzia viatu kwenda juu. Viatu ndivyo vilivyoniponza. Vilikuwa katambuga, ndala za tairi la gari, na kwa watu wa Musoma mjini, kijana wa katambuga aliyekuja kuulizia chumba alikuwa ametoroka jembe kwao.

Na kweli nilikuwa nimelitoroka. Nilitoka upande wa Bunda, kwenye pamba na ng'ombe, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Ilikuwa miaka ya shida. Sukari ilipatikana kwa kibali, sabuni kwa bahati, na mtu mwenye suruali isiyo na kiraka aliangaliwa kama mlanguzi. Kiwanda kimoja cha nguo pale mjini kilikuwa na kikundi chake cha utamaduni, cha ngoma, kwaya na maigizo. Walipokuja kijijini kwetu kwenye sherehe ya mavuno, mimi nilijitokeza mbele ya watu nikamwigiza karani wa mizani ya pamba, jinsi anavyokohoa huku kidole chake kikigusa mzani. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kiongozi wa kikundi akaniita pembeni, akaniambia nije mjini nijaribiwe miezi mitatu. Nikifaulu, naandikwa kazini kama mfanyakazi mwingine yeyote wa kiwanda.

Nilipofika akaniambia neno ambalo hakulisema kule kijijini. "Kwanza uwe na mahali unakaa panajulikana. Wanakamata wazururaji. Ukikamatwa bila barua ya balozi, mimi sikujui."

Balozi wa nyumba kumi hakuweza kuniandikia barua kama sikai katika nyumba zake kumi. Mwenye nyumba hakutaka kunipa chumba bila kitambulisho cha kazi. Kiwanda hakikuweza kunipa kitambulisho kabla ya miezi mitatu kwisha. Niliwaeleza watu wote watatu jambo hili kwa utaratibu na kwa heshima, na wote watatu wakakubaliana nami kwamba ni tatizo.

Nilifikia kwa kaka, mtoto wa baba mkubwa, huko Kamunyonge. Alikuwa na chumba kimoja, mke na watoto watatu. Nililala upande wa pili wa pazia, pamoja na masufuria. Shemeji hakunitamkia baya hata siku moja, ila alianza kuosha vyombo kwa kelele. Kisha mama mkwe wa kaka akatuma salamu kwamba anakuja mjini kutibiwa. Kwetu mtu halali chumba kimoja na mkwe wake, hata nje kunyeshe mawe. Kaka mwenyewe akahamia kwa jirani yake, na mimi sikuwa na jirani. Akanipa siku nne.

Nilizunguka mji kwa miguu. Mwigobero waliniambia chumba kipo, lakini wapangaji wa pale walilipa kodi kwa mchele, nami sikuwa na hata punje. Iringo nilikutana na mzee mmoja mpole, akanikaribisha kwenye kigoda.

"Unafanyaga kazi gani, kijana?"

"Naigiza, mzee."

"Ndiyo kazi gani hiyo? Hebu nionyeshe."

Nilikuwa na njaa, lakini nilisimama nikamwigiza mlevi anayejaribu kupita mbele ya mlango wa mchungaji wake bila kuonekana. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. Akamwita mkewe aje naye aone, nikarudia. Walipokwisha kucheka, akaniambia kwa upole kwamba nyumba yake haikaagi walevi. Nilimwambia siujui hata ukakasi wa pombe. Akasema, "Mtu hawezi kuonyesha kitu hakijui." Niliondoka nikiwa na hasira ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Siku ya nne nilipata chumba Nyasho. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane, mtu wa Majita, muuza samaki sokoni na mwimbaji wa kwaya ya akina mama kanisani. Chumba kilikuwa stoo ya nyavu za marehemu mumewe. Kilikuwa na dirisha la ukubwa wa daftari, na harufu ya samaki ilikuwa imeingia kwenye udongo wa ukuta. Hakuniuliza kitambulisho. Aliniuliza kama mama yangu yuko hai, nikasema yuko, akaniuliza kama anajua niko wapi. Nikasema hajui vizuri.

"Basi kaa," akasema. "Mtoto wa mtu hawezi kulala njiani. Ila wanawake hapana, pombe hapana, na asubuhi kila mtu tunamwamkiaga."

Siku iliyofuata alinipeleka mwenyewe kwa balozi, akasimama pale mpaka barua ikaandikwa na kugongwa mhuri. Niliikunja nikaiweka mfuko wa shati, na kila nilipomwona mgambo niliigusa. Usingizi wa juma lile la kwanza sijaupata tena maishani. Jioni mama alinibakizia ugali wa mhogo na furu wawili watatu, wale samaki wadogo ambao wakati ule ziwa lilikuwa bado linao. Mimi nilimchotea maji na kumwigiza mteja wake mmoja aliyezoea kunusa samaki wote kisha hanunui.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana aliyenizidi miaka michache, mvuvi katika kambi ya kisiwa cha Rukuba. Alikuja mara moja katika muda niliokaa pale, mabega mapana, sauti kubwa ya mtu aliyezoea kusemeshana na upepo. Alipoambiwa kazi yangu, akasema, "Haya, niigize mimi." Nikatoka nje, nikaingia tena kama alivyoingia yeye, nikainama kwenye mlango ambao haukuwa mfupi, nikamsalimu mama kwa sauti ya kuvuka ziwa. Mama alijishika mbavu. Kijana akanipiga bega akaniambia, "Wewe utafika mbali." Kesho yake akarudi Rukuba.

Mwezi wa tatu wa majaribio, kikundi kilipewa igizo la kuonyesha mbele ya wageni wa wilaya. Lilikuwa igizo la kuwasema wahujumu, kama maigizo yote ya siku zile. Mkubwa mmoja wa ushirika amekula fedha za mitumbwi, na mzee mmoja masikini anapoteza mwanawe ziwani kwa sababu ya mtumbwi uliooza. Mimi nilipewa mzee. Nilikuwa mwembamba na nilijua kukohoa. Maneno niliyashika kwa siku mbili, lakini kilio kilinishinda. Kiongozi wetu alikaa chini ya jukwaa mikono kifuani.

"Unalia kama mtu anaomba ruhusa," akasema. "Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Usipolia, rudi Bunda."

Sasa nieleze kosa langu, na nilieleze bila kujipaka mafuta. Kwetu, na kwa watu wa Majita, na kwa watu wote wa pande zile ninaowajua, kilio cha msiba hakitolewi pasipo maiti. Nilipokuwa mtoto tulicheza mazishi ya kuku, nikapiga ukunga, na bibi yangu alinichapa mpaka fimbo ikavunjika. Ukilia bila maiti, alisema, kilio kitaitafuta. Nilijua hayo yote. Lakini nilikuwa nimekaa mjini karibu miezi mitatu, nina barua yenye mhuri, na nilidhani mambo hayo yalibaki kwenye pamba.

Jumatatu saa saba mchana nyumba ilikuwa tupu. Mama alikuwa sokoni. Nikafunga mlango wa chumba changu, nikajaribu. Mara ya kwanza ikawa kavu. Mara ya pili ikawa kavu. Mara ya tatu nikaacha maneno ya igizo, nikalia kama wanaume wa kwetu wanavyolia, kutoka tumboni, nikisema mwanangu, ziwa limekuchukua, mwanangu, ziwa limekuchukua. Safari hii kikaja. Nilikisikia kinakuja chenyewe, na nilifurahi. Hicho ndicho kitu ninachoona aibu kukisema kuliko vyote: nilikuwa nalia hivyo, na moyoni nilikuwa nafurahi.

Sikusikia watu. Nilipofungua mlango ua ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa wamejifunga kanga viunoni na vichwani, wengine wamekaa chini tayari, miguu wameinyoosha, wanalia. Mwanamume analia ndani ya nyumba ya mjane mwenye mtoto mmoja, na mtoto huyo ni mvuvi, na kilio kinataja ziwa. Ni nani angehitaji kuuliza? Nikaanza kusema hapana, hapana, ni igizo. Mama mmoja akanishika mkono akaniambia, "Jikaze, baba."

Walikuwa wamekwisha kumtuma mtu sokoni. Mwenye nyumba wangu aliingia uani bila kiatu kimoja. Hakupiga kelele mwanzoni. Alishuka kwa magoti, kisha akapiga ardhi kwa kiganja, mara moja, kama mtu anayebisha hodi, akamuuliza mwanawe kana kwamba yuko mle ardhini, "Nani amekuona? Baba, nani amekuona?" Ndipo sauti ikatoka. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia mama, hajafa, hajafa, ni mimi nilikuwa najifunza. Ilichukua muda mrefu anielewe. Wengine walinielewa kabla yake, na ua ukaanza kunyamaza, mtu mmoja mmoja, mpaka akabaki analia peke yake.

Alipoelewa hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alikaa pale chini akauliza kama kuna mtu amepeleka habari Rukuba. Kulikuwa na mtu. Alikimbilia mwaloni Mwigobero, mitumbwi inakotia nanga, na mtumbwi ulikuwa umekwisha kuondoka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kesho yake akaja mjomba wa mama kutoka Bugwema, mzee mkavu wa maneno machache. Akatuketisha mimi na mama. Akasema kijana yuko hai, mwenyewe amemtuma mtu kutoka Rukuba aseme yuko hai, lakini mama yake mzazi amemlilia kwa mdomo wake, na kwa hiyo asivuke mlango wa nyumba ile mpaka apozwe. Aliyelia, yaani mimi, ataleta kondoo. Asiwe wa kununua; awe wa zizi la baba yangu, nimlete kwa mkono wangu. Mama na mwanawe watamla pamoja nje, kisha kijana ataingia. Na mimi nisilale tena ndani ya nyumba ile, hata siku moja.

Nikakasirika. Nasema kweli, sikuona huruma kwanza, niliona hasira. Nilimwambia mama, "Wewe ni mtu wa kanisa. Haya mambo unayaamini?"

"Mimi ni mtu wa kanisa," akasema. "Na mwanangu nimemlilia."

Nikamwomba siku tano tu, mpaka Jumamosi. Akatikisa kichwa bila kuniangalia. Alinikunjia shuka yangu mwenyewe, akanifungia mhogo wa kuchemsha kwenye gazeti. Barua ya balozi haikuulizwa na mtu, ikabaki mfukoni ikisema nakaa mahali ambapo sikai.

Niliomba kulala kwenye stoo ya vifaa vya kikundi, kati ya ngoma na mavazi. Jumatano nilipata lori la kwenda Bunda kufuata kondoo. Baba alikuwa nao, sita au saba, hakuwa mchoyo. Lakini kila tulipoendelea, nilijiona nimesimama mbele yake nikieleza. Nilikuwa nimemwandikia kwamba mimi ni karani kiwandani. Sasa ningesema nini? Kwamba nililia kilio cha msiba katika nyumba ya watu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoacha jembe lake kuja kuifanya? Karibu na njia panda ya Butiama lori likafa. Dereva akalala chini ya gari na spana yake, sisi tukakaa ukingoni mwa barabara. Baada ya saa nzima likatokea lori jingine, lakini lilikuwa linatoka huko ninakokwenda, linarudi Musoma, lina nafasi. Mazoezi yalikuwa saa kumi.

Nikajiambia, kondoo baada ya Jumamosi. Nikapanda.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Ilipofika zamu yangu sikulia kama wanaume wa kwetu. Nilishuka kwa magoti. Nikapiga ardhi kwa kiganja, mara moja, nikauliza, "Nani amekuona? Baba, nani amekuona?" Sikupanga, au najiambia sikupanga. Wanawake mbele walishika midomo yao. Mgeni mmoja rasmi alitoa leso. Kiongozi wetu alinikumbatia nyuma ya pazia mpaka kofia yake ikaanguka, na Jumatatu nikaandikwa kazini. Nikapewa kitambulisho chenye picha na kitanda katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, chumba cha watu wawili, chenye umeme pale umeme ulipokuwepo. Nilikilia kilio kile Bunda, Tarime, hata Mwanza. Kilinilaza kwenye godoro miaka saba.

Kondoo sikumpeleka. Kwanza nilisema nikipata likizo. Nilipopata likizo nilisema nikirudi. Kisha ukapita muda ambao kumpeleka kungekuwa aibu kubwa kuliko kutompeleka, na nikajifunza kwenda sokoni kwa njia isiyopita Nyasho. Kaka ndiye aliyeniambia, siku moja tukila, kama habari ya mtu tusiyemjua: yule kijana wa Rukuba, wavuvi wenzake walikataa kupanda naye mtumbwi. Mtu aliyekwisha kuliliwa, ziwa linamjua. Akahama kambi, na habari ikamfuata, akahama tena kuelekea visiwa vya Ukerewe. Nilimaliza chakula changu.

Baadaye ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Maduka yakajaa sabuni, sukari ikauzwa bila kibali, na mitumba ikamwagwa chini kwenye maturubai, suruali ya Ulaya kwa bei ya kitambaa chetu cha kiraka. Watu walifurahi, nami nilinunua viatu. Vitambaa vya kiwanda vikabaki stoo vikiliwa na panya. Wakaanza kupunguza watu, na kikundi cha utamaduni kikapunguzwa kwanza, maana hakuna mashine inayosimama ngoma ikinyamaza. Tulipewa barua na mwezi mmoja wa kuhama. Kiongozi wetu alirudi kwao kulima. Mimi nilisikia kuna kikundi kipya kinaundwa mjini, cha kuigiza kwa malipo ya mlangoni, nikasema nitashikilia hapo hapo. Nilihitaji chumba tu.

Kwa mara nyingine nikasimama mbele ya milango. Safari hii hawakuangalia viatu wala kuuliza barua ya balozi. Walitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na walikuwa na watu wa kuitoa, wanunuzi wa sangara waliokuja na magari ya barafu. Nilizunguka wiki tatu. Nilifika Iringo, Kitaji, hata Bweri kwenye vichaka. Zilipobaki siku mbili, miguu yangu ikanipeleka Nyasho. Nasema miguu kwa kuwa sipendi kusema ni mimi.

Stoo ya nyavu ilikuwa imetobolewa mlango wa kutokea barabarani, imekuwa kibanda cha mtu wa mitumba. Mama alikuwa amekaa uani anachambua dagaa. Alikuwa amepungua mwili, na nywele zilizotokeza chini ya kitambaa zilikuwa nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaniangalia kwa muda. "Umekuwa mtu mzima."

Akanipa kigoda. Nikamweleza habari ya kiwanda, na chumba, na siku mbili. Alisikiliza huku akitoa mawe kwenye dagaa. Nilipomaliza nikaona siwezi kuendelea kukaa bila kulitaja lile jambo.

"Mama, yule kondoo. Naweza kwenda Bunda hata kesho. Baba bado anao."

"Kondoo sasa ataliwa na nani?" akasema. Hakusema kwa ukali. "Mwanangu alikuja mara moja, mwaka juzi. Alisimama pale barabarani. Nikamwambia ingia baba, mimi siogopi tena. Akasema yeye anaogopa. Nilimpelekea maji, hakunywa. Ana mke huko na watoto wawili, mimi sijawaonaga."

Niliangalia chini. Nilitaka kulia, na nilijizuia, kwa sababu sikujua tena kama machozi yangekuwa yangu au ya kazi, na pale uani sikuwa na haki ya kulia kwa namna yoyote.

Mama akapeta ungo wake, akaupeta tena.

"Chumba kipo," akasema. "Hiki cha mbele. Ni cha kwake, lakini yeye haingii. Nimechoka kufagiaga chumba hakina mtu."

Akanyanyuka polepole, akaenda kufungua mlango. Nilimfuata mpaka kizingitini, nikaona dirisha kubwa, kitanda cha kamba na sakafu ya saruji iliyofagiliwa asubuhi ile. Kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote nilivyoviona wiki tatu zile. Nikamuuliza kodi ni kiasi gani.